Mguu wa Nakijwa

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme bali ya juzijuzi, kompyuta zilipoanza kukaa sebuleni na kufunikwa vitambaa vya kufuma, aliishi chini ya milima ya Upare mwalimu mstaafu aitwaye Senzota. Mkewe, Nakijwa, alikuwa fundi wa nguo. Nakijwa akafariki. Akaacha cherehani ya kukanyaga, na rekodi moja ya sauti yake ndani ya kompyuta ya nyumbani.

Alijirekodi huku akishona, maana hakujua kukaa bure. Alisimulia walivyohamia pale, nani alizaliwa paa likivuja, nani alilewa kwenye harusi yake. Chini ya maneno cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Mahali pengine ilimfunika kabisa asisikike.

Siku ya kumaliza msiba ikakaribia. Senzota akawaambia jamaa: "Siku hiyo nataka watu wamsikie Nakijwa. Nataka sauti yake tu. Atakayeniwezesha, cherehani ni yake."

Basi kila mtu akaja na programu yake. Watu wa mji ule walibishania programu za kuhariri sauti kama wanavyobishania timu za mpira: hakuna aliyewahi kuijaribu ya mwenzake, na hakuna aliyekosa la kusema juu yake. Akaja Kihiyo, mwana wa Senzota. Akaja Nanzia, mdogo wa marehemu, naye fundi. Akaja Tumsifu, jirani anayepiga muziki kwenye maharusi, ambaye hakuitwa.

Kihiyo alisema yake ina kila kitu. Tumsifu akamjibu kwamba ndiyo, ina vitufe kama ndege, na rubani hajawahi kuruka. Nanzia akawakata wote wawili. "Shemeji, yangu ni nyepesi. Ukiiambia hifadhi, inahifadhi. Haikuhoji kama karani wa uhamiaji." Tumsifu akakiri kwamba hiyo ina jambo moja zuri: humpa mtu kile alichokiondoa, akisikilize peke yake.

Senzota alichoka na kelele zao. Akachagua ya Nanzia.

Kihiyo akakaa kwenye kiti. Akaionyesha programu mlio wa cherehani, akaiamuru: huu ndio uchafu, utoe kote. Ukatoka. Akahifadhi. Programu haikuhoji, ikaandika rekodi mpya juu ya ile ya zamani, na ya zamani ikafutika. Nakala nyingine haikuwapo.

Wakasikiliza. Nakijwa alisikika kama amekaa mkekani hapo kati yao. Na pale ambapo siku zote palikuwa na mlio mtupu, likatokea neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia: "Senzota hazipendi kelele hizi, lakini hajaniambia hata siku moja niache."

Senzota akaomba irudiwe. Ndipo akagundua. Zamani Nakijwa aliponyamaza, cherehani ilisema yupo, ameinama, anakata uzi kwa meno. Sasa kila aliponyamaza, alikuwa amekufa.

"Nirudishieni mguu wake," akasema. Hakuna aliyeweza, na Tumsifu alikuwa amekwisha kwenda zake.

Jumamosi akapita karibu na ukumbi wa harusi. Chini ya ngoma akausikia: unakanyaga, unasimama, unakanyaga kwa vituo vifupi, kama alivyokuwa akizungusha kola. Akapita katikati ya wachezaji mpaka kwa Tumsifu.

"Huo umeutoa wapi?"

"Mzee, mlikuwa mnautupa. Niliunakili kwenye flashi yangu Kihiyo alipokwenda kunawa."

"Uliomba?"

"Takataka huombwa kwa nani?"

Senzota hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake. Akaitia mikono mifukoni, akaidai flashi, akapewa.

Lakini Tumsifu alikwisha kuukata mlio vipande vipande kwa ajili ya wimbo wake. Nanzia akavichukua, akakaa navyo mchana kutwa, akavirudisha chini ya maneno kimoja kimoja. Hakuwa na cha kumwongoza isipokuwa sikio: alijua dada yake alikanyaga vipi akicheka, na aliinua mguu wapi akikumbuka jambo. Akahifadhi rekodi mbili: moja ya maneno matupu, moja ya maneno na mguu.

Siku ya kumaliza msiba watu wakazisikia zote mbili. Walipokwisha kula, madai yakaanza.

Nanzia akasema: "Dada yangu nimemshona upya. Hapa hakuna mwingine anayejua alipoinua mguu."

"Na programu iliyofuta bila kuhoji, mama mdogo, aliileta nani?" Kihiyo akauliza.

Kihiyo akasema: "Bila mimi, maneno yale yangezikwa mara ya pili."

"Wewe ndiye uliyeita kazi ya mama yako uchafu," Nanzia akamwambia.

"Baba alisema anataka sauti yake tu. Muulize yeye."

Tumsifu akasema: "Mnanitazama kama mwizi, sawa. Lakini nisingeiba, leo mngeunganisha nini na nini?"

"Kwa hiyo tukushukuru," Kihiyo akasema, "kwa kututunzia mali yetu harusini."

Wote wakamgeukia Senzota. Alikuwa amewakasirikia wote watatu, na kila alipofungua kinywa awahukumu, lile neno la Nakijwa lilimrudia. Akaketi kwenye kigoda cha mkewe, mbele ya cherehani. Sindano bado ilikuwa na uzi mweupe. Akaweka mguu, akakanyaga. Cherehani ikapiga kelele nyumba nzima, na hakuna aliyemwambia aache.

Watu wakasubiri atamke jina. Mimi nilipoisikia hadithi hii ilikatikia hapo, na waliokuwapo waligombana njia nzima kurudi makwao. Sasa gombaneni nyinyi. Yuko aliyeleta programu iliyofuta, kisha akaunga, yuko aliyeuita mlio uchafu na kufichua maneno, yuko aliyeiba na kuokoa. Na yuko aliyeahidi, ambaye ndiye aliyeagiza mguu uondolewe.

Je, nani alistahili cherehani?