Mkaja wa Bi Nyamizi

Hapo zamani, siyo ile zamani ya sungura na fisi, zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa wakitupa mashine za santuri na kukimbilia kaseti, palikuwa na binti akiitwa Kidawa. Alikaa kota za reli, nyumba ya mwisho kabisa, ile ambayo treni ikipita vikombe hugongana kabatini.

Mama yake Kidawa alikuwa sahani ya santuri. Msicheke, nasema kweli. Bi Nyamizi, aliyemzaa, aliimba wimbo mmoja na bendi ya wafanyakazi wa reli, wimbo ukarekodiwa, naye akapewa sahani moja ya kwake. Kidawa hajatimiza mwaka, Bi Nyamizi akafariki. Picha hakuacha. Nguo ziligawiwa. Ikabaki sahani ile nyeusi, na sauti ndani yake.

Sasa Kidawa anaolewa. Upande wa bwana wakaleta kilemba cha baba, wakaleta na mkaja, doti ya kanga iliyokunjwa juu ya sinia. Mkaja mnaujua: ni haki ya mama, kwa ajili ya ile nguo aliyojifunga tumboni alipokwisha kuzaa. Mama akiwa hayupo, hupewa aliyeshika nafasi yake. Na katika kota zile bibi harusi hatoki mlangoni mpaka mkaja umempata mwenyewe. Wakamwuliza Kidawa, "Mkaja huu wa nani?"

Kidawa akajibu, "Mkaja ni wa mama. Mama hayupo, lakini sauti yake ipo. Atakayenisikilizisha sauti ya mama humu ndani, safi, isiyokwaruza wala kuruka, huyo ndiye atakayepewa mkaja."

Maneno matamu hayo. Nami nimeishi vya kutosha kujua kwamba maneno matamu ndiyo huzaa kesi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Tausi, mama wa kambo, aliyeingia nyumba ile Kidawa akiwa anatambaa. Aliinama uvunguni akatoa mashine ya zamani, ile ya sanduku lenye mpini. "Hii ni ya marehemu," akasema, "na kwa hii nilikulea."

Akaweka sahani, akashusha sindano. Kwaru, kwaru, kisha sauti ikatoka, nyembamba, nyepesi, ya mbiombio. Kidawa akatabasamu. Huyo ndiye mama anayemjua tangu utotoni! Lakini treni ya mizigo ikapita, vikombe vikagongana, sindano ikaruka ikachubua sahani.

"Mama, itoe!" Kidawa akapiga kelele. "Sindano hiyo itamla mama yangu akaisha."

Wa pili alikuwa Bi Kalunde, mdogo wake marehemu, ambaye tangu arobaini ya dada yake hakuonekana tena. Aliteremka treni na boksi kubwa, ndani mna mashine mpya ya umeme na spika zake mbili.

"Nimezunguka maduka manne, mwanangu," akasema. "Moja inanguruma yenyewe hata kabla ya wimbo. Moja inayumba, sahani inakwenda kama mlevi. Moja mkono wake mzito, sindano inalima badala ya kusoma. Hii niliiwekea kiganja ikizunguka, haikutetemeka. Nikasema, hii ndiyo ya dada."

Akaweka sahani, akashusha sindano. Sauti ikatoka nene, ya taratibu, inayotoka chini kabisa kifuani. Bi Kalunde akaanza kulia pale pale. "Dada! Jamani, huyo ndiye dada yangu!"

Kidawa akaganda. "Huyu ni nani?" akauliza.

Wakatazamana. Bi Kalunde akaifungua ile mashine ya zamani, akaonyesha kitu cheusi. "Nani aliyetia mpira wa baiskeli humu?"

"Mimi," akasema Bi Tausi. "Mkanda wake ulikatika. Mtoto analia asubuhi, analia jioni, hanyamazi ila kwa wimbo ule. Fundi hakuna. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli ya mume wangu, nikauvisha. Mtoto akanyamaza."

Na mpira ule ulikuwa mnene kuliko mkanda wenyewe, sahani ikawa inakwenda mbio, na sauti ikikimbizwa hukonda. Miaka ishirini na miwili Kidawa amempenda mama aliyekimbizwa.

Maskini Kidawa! Hajui acheke au alie. Aliyemjua siye, aliye ndiye hamjui. Akamkimbilia baba yake, Mzee Mihayo, dereva wa treni aliyestaafu, masikio yake yote mawili yameachwa relini. "Baba, wewe ulikuwa mume wake. Sauti ya mama ni ipi?"

Mzee Mihayo akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili. Akafikiri sana.

"Zote nzuri," akasema. "Ila ongezeni kidogo."

Wakairudia mashine mpya. Wimbo haujafika nusu, treni ya abiria ikaingia, vikombe vikagongana, na sindano ikaruka, na upya wake wote! Bi Kalunde akashika kichwa.

Hapo ndipo wa tatu aliposimama. Bi Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa maneno machache. Akatoka bila kuaga, akarudi na jiwe lake la kusagia kichwani. Akalitua sakafuni, akamwaga maji juu yake, akaona yanakimbilia upande mmoja. Akatia kijiti chini, akamwaga tena. Maji yakatulia. Akayafuta kwa upindo wa kanga, akaipandisha mashine juu ya jiwe.

"Haya, wekeni," akasema.

Wakaweka. Treni nyingine ikapita, vikombe vikagongana, sindano haikutikisika. Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Na pale mwisho, ambapo mashine ya zamani hutoa makwaruzo matupu, wakasikia kitoto kinalia kwa mbali. Kisha yule mwanamke wa sauti nene akasema polepole, "Nyamaza, Kidawa. Mama amemaliza."

Kidawa akaketi chini, na nguo zake za harusi. Mzee Mihayo hakusikia kitu, ila aliona nyuso.

Nje mshenga akakohoa. "Jamani, treni ya maharusi haisubiri. Mkaja wa nani?"

Bi Kalunde akasema, "Ni wangu. Nani amekuletea sauti ya kweli? Bila mashine hii ungekufa hujui kwamba mama yako alikuita jina. Na hiyo sindano ya Bi Tausi imebakiza kidogo tu iyafute maneno yale."

Bi Tausi akasema, "Kweli niliichubua. Niliichubua kwa kumbembeleza mtoto wa mwenzangu, kila siku ya Mungu. Na wewe mwenye sauti ya kweli, miaka yote hiyo alipokuwa akilia ulikuwa wapi?"



Kidawa akamgeukia Bi Chausiku. "Nawe, mama?"

"Jiwe ni langu," akasema. "Unga wa uji wako, alipokufa mama yako, niliusaga juu ya jiwe hili. Leo limembeba yeye. Lakini nisikufiche. Nyamizi nilimfahamu, sauti yake ilikuwa nene. Kila siku nikimsikia huko ukutani anakimbizwa, nikajua sivyo. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu na wewe ulikuwa umenyamaza."

Mshenga akachungulia mlangoni. "Basi ikateni kanga vipande vitatu, twendeni!"

"Mkaja haukatwi," Kidawa akasema. "Tumbo lilikuwa moja."

Akainuka na kanga mikononi. Akamwendea Bi Kalunde, akasimama. Akamwendea Bi Tausi, akasimama. Akamwendea Bi Chausiku, akasimama. Akarudi katikati ya chumba, anazunguka pale pale, machozi yanamtoka, huku sindano imefika mwisho wa sahani na hakuna anayekumbuka kuiinua. Treni ikapiga honi.

Mmoja alimpa sauti ya kweli, akachelewa. Mmoja alimpa sauti ya uongo, akamlea kwayo. Mmoja aliijua kweli akaificha, kisha akaibeba kichwani. Mimi ninayewasimulia nimeshabadili jibu mara tatu tangu nianze, na mke wangu analo la nne. Sasa amueni ninyi, na upesi, bibi harusi yuko mlangoni. Je, nani alistahili mkaja wa Bi Nyamizi?