Mhimili wa Chumba cha Chini

Mzee mmoja alikuwa na nyumba ya ghorofa na mabinti wawili, na nyumba ilikuwa na sifa kuliko mabinti. Msiniulize ni mji gani. Anayeujua anyamaze, asiyeujua asikilize. Majina nawapa mimi: mkubwa tumwite Somoe, mdogo tumwite Nunu.

Nyumba yenyewe aliijenga babu wa babu yao kwa mawe na chokaa, kuta nene hata joto la mchana linachoka kabla halijafika ndani. Mlango wa mbele umechongwa maua kutoka chini mpaka juu. Ghorofani kuna ukumbi mrefu, na ukuta wake wa mwisho wote ni zidaka, vile vishubaka vya chokaa ambavyo watu wa zamani walipangia vyombo vyao vya fahari, safu juu ya safu. Bi harusi akikalishwa mbele ya zidaka zile, hata kama sura Mungu alimpimia kwa kijiko, siku hiyo anakuwa malkia. Basi kila mama mwenye binti alitaka harusi iwe pale. Watu walisogeza tarehe, waligombana na wakwe, walingoja mwaka mzima, ilimradi mtoto apigwe picha kwenye zidaka.

Mzee alipoona safari yake imekaribia akawaita mabinti wote wawili, wakakaa kitandani kwake, mmoja huku mmoja huku. Akamwambia Somoe kwamba juu ni pake. Wageni waje, wakae, wanywe sharubati, wapige vigelegele watakavyo, lakini ngoma haipandi ngazi. Ngoma ichezwe uani, kwenye ardhi. Akamgeukia Nunu akamwambia chini ni pake, ila ule mhimili uliosimama katikati ya chumba kikubwa asiuguse. Ulikuwa mti wa mvule, mnene kama kiuno cha mama aliyezaa saba, umeibeba boriti kubwa ya dari, na kichwani umepigiliwa kabari usicheze. Maneno yalikuwa mawili tu, la juu na la chini, na kila binti alilisikia la kwake na la mwenzake. Kisha mzee akafa, na mama yao hakukaa sana, akamfuata.

Kwenye matanga ya mama ndipo palipoharibika. Nunu alipika mchuzi wa waombolezaji. Somoe akauonja mbele ya watu, akasema chumvi haikukolea. Basi, hayo tu. Mnacheka, na mimi niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini Nunu alijibu, Somoe akajibu jibu, yakatoka ya utotoni, yakatoka ya nani alipendwa na mama na nani alibebwa mgongoni mpaka akaota ndevu. Nunu akaapa mbele ya jamaa kwamba mguu wake hautakanyaga tena ngazi ile. Somoe akasema afadhali, ngazi nayo itapumzika.

Toka siku hiyo hawakusemezana. Wakaishi nyumba moja, wakala kwa harusi zilezile, Somoe akikodisha ukumbi juu na Nunu akipika na kuandalia watu chini, na mama wa bi harusi alipanda kukubaliana na mmoja, akashuka kukubaliana na mwingine, kama bwana mwenye wake wawili. Kama kuna neno la lazima, linatumwa kwa mtu, nalo likifika limekwisha kuota miiba njiani. Wageni wakija wanaisifu nyumba. Wanasema nyumba kama hizi hazijengwi tena. Hakuna aliyeuliza inashikwa na nini.

Sasa ule mhimili ulikuwa unamkera Nunu. Wanaume walitaka kula pamoja kwenye chumba kile, na gogo limekaa katikati kama mkwe asiyealikwa. Anayebeba sinia anajigonga. Meza hazikai sawa. Nunu akautazama siku nyingi, halafu akaanza kujisemea: huko juu watu wanakaa tu. Dada na ubaya wake wote, neno la baba hajalivunja, ngoma haijapanda ngazi hata siku moja. Kwa hiyo gogo hili linashika nini? Akaita wapagazi wawili kutoka sokoni. Wakagonga kabari, ikatoka, wakauinamisha mhimili, wakaulaza uani nyuma ya majiko. Nyumba haikusema kitu. Nunu akacheka peke yake, akatandika mkeka pale uliposimama, akapanga meza zake.

Wiki ileile, juu, mama mmoja tajiri alikuwa amemganda Somoe kama kupe. Anamwoza binti yake wa pekee, Thureya, na anataka ngoma ichezwe mbele ya zidaka, kila mtu aone. Ua umejaa tope la mvua, watu watacheza vipi na viatu vile? Somoe alikataa. Akaombwa akakataa tena. Halafu naye akaanza kujisemea: chini kuna mhimili wa baba. Nunu na ubishi wake wote hawezi kuugusa ule. Ngoma ya mchana mmoja itaufanya nini mti wa mvule? Akakubali. Hakushuka kwenda kuutazama. Angeshukaje, na wa chini hasemi naye?

Mnaona mambo. Kila mmoja alilivunja la kwake kwa kuwa alimwamini mwenzake amelishika lake. Kwa mdomo walikuwa maadui, kwa siri kila mmoja ameegemea uaminifu wa mwenziwe, na hakuna aliyekuwa na ulimi wa kuuliza.

Siku ya harusi ikafika. Wanaume wako msikitini kwenye nikaha. Wanawake wamejaa juu, Thureya amekalishwa, harufu ya mafuta na asumini mpaka barabarani. Chini Nunu anapanga masinia ya pilau na mabakuli ya kachumbari, kila kitu mahali pake, chumba kimepanuka, moyo mweupe. Mara akasikia dum. Akadhani ni mtu kaangusha kitu. Ikaja nyingine, ikaja ya tatu, zikashikana. Ngoma. Na si uani.

Akaona vipunje vyeupe juu ya kachumbari. Akadhani msaidizi wake, Bi Mashavu, amemwaga chumvi, akachovya kidole akaonja. Haikuwa chumvi. Ilikuwa chokaa.

Akainua macho. Boriti kubwa ilikuwa imeshuka tumbo. Pembeni yake palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umetoka ukuta huu kwenda ukuta ule, na kila ngoma ilipolia mstari ule ulifunguka kidogo ukajifunga, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema halafu anaahirisha. Akautazama mkeka ulipokuwa mhimili. Akautazama mstari.

Akamwita Bi Mashavu, akamtuma juu: mwambie dada ngoma ishuke, ishuke sasa hivi. Sababu hakuitaja. Jikoni palijaa jamaa wa kike wa bwana harusi, wote masikio, na nani atampa tena kazi ya harusi mwanamke aliyeibomoa nyumba ya baba yake kwa ajili ya meza? Basi likapanda nusu neno. Na nusu neno likifika kwa mtu mliyegombana naye, nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe. Somoe alisikia wivu. Akajibu kwamba furaha ya watu ikimchoma Nunu, atie pamba masikioni. Wanawake juu wakacheka, ngoma ikaongezwa. Bi Mashavu alishuka nalo lile jibu amelibeba kama tunu, akalitoa mbele ya jikoni zima, akangoja. Siku nyingine Nunu angekuwa na majibu ya kula wiki. Siku ile macho yake yalikuwa darini, na Bi Mashavu akayaogopa macho yale kuliko tusi.

Kisha kule mwanzo wa mtaa ikasikika kasida. Wanaume wanarudi na bwana harusi.

Nunu alijua kitakachofuata, kila mtu wa pale anajua. Bwana harusi akipandishwa kumshika mkono mkewe, hakuna mwanamke anayebaki kitini. Shangazi wanaruka, bibi wanaruka, hata mwenye magonjwa ya miguu anapona kwa muda. Na hapo wanaume wengine watakuwa wameshakaa chini, wanakula, chini ya boriti ileile. Akajisemea labda itashika. Imeshika miaka mingi, labda itashika na leo. Hilo neno labda, wenzangu, limezika watu wengi. Akaomba Mungu, na huku anaomba punje nyingine zikamwangukia kwenye kipaji cha uso, akajua hilo ndilo jibu.

Akakimbia mlangoni, akausukuma ule mlango wa maua, akatia komeo. Nje wanaume wakafika, wakakuta pamefungwa, wakafurahi. Walidhani ni ile desturi ya wanawake kumzuia bwana harusi mpaka atoe kitu. Wakaanza kutania, wakapitisha noti chini ya mlango, wakisema fungueni mama zetu, mbona mwaka huu mmepandisha bei. Nunu hakuziokota. Akageuka, akaifuata ngazi. Alipofika ya kwanza mguu ulikataa, maana kiapo ni kiapo. Akaukanyagisha kwa nguvu. Akapanda.

Walipokiona kichwa chake kinachomoza ukumbini, wanawake wote walielewa, yaani hawakuelewa kitu. Mji mzima ulijua kiapo kile. Wakadhani damu imemrudisha, kaja kupatana na dada yake siku ya heri. Vigelegele vikapanda, waliokuwa wamekaa wakasimama, wengine machozi, wengine wanarukaruka. Na Nunu katikati yao anaisikia sakafu chini ya nyayo zake inabonyea kama unga wa maandazi. Anasema, hasikiki. Anapunga mikono, wanadhani anacheza, wanampisha acheze.

Somoe alikuwa amekaa karibu na bi harusi, uso ameuelekeza kwenye zidaka, amekataa kugeuka.

Nunu akaiendea ngoma kubwa, akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi yake, akaikandamiza. Ikafa mkononi. Ukumbi ukanyamaza, na ndani ya ukimya ule kila mtu akakisikia kitu kinalia chini ya miguu, kidogo, kama mbao ya kitanda cha zamani. Aliyokuwa ameyaficha jikoni akayasema mbele ya mji mzima.

"Dada, mhimili wa baba nimeung'oa."

Watu wakamtazama Somoe, maana ulimi wake walikuwa wanaujua, na hapo alikuwa amepewa mchuzi usio na chumvi kabisa. Somoe akaitazama sakafu. Akaitazama ngoma, ambayo ni yeye aliyeipandisha. Akainuka polepole, kama mtu anayeinuka kwenye kitanda cha mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba wavue viatu, wapite kandokando ya ukuta mmoja nyuma ya mwingine, mtu asikimbie, bi harusi atangulie. Hakusema la mchuzi. Hakusema la pamba. Akasimama juu ya ngazi, Nunu akashuka akasimama chini yake, na kila mwanamke alitoka mkono wa mmoja akaingia mkono wa mwenziwe. Wakati wazee wanashuka kipande cha zidaka kilimeguka, kikaangukia kiti alichokuwa amekalia Thureya. Hakuna aliyepiga kelele. Somoe alishuka wa mwisho, na Nunu hakuuachia mkono wake mpaka wote wawili walipokanyaga ardhi.

Huko nje wanaume walikuwa bado wanapitisha noti. Komeo likatoka, mlango ukafunguka, na aliyetokea wa kwanza ni bi harusi mwenyewe, pekupeku, na nyuma yake wanawake wote wa mji. Bwana harusi anasimulia mpaka leo kwamba hakuna mke aliyemtamani mume kama yule. Wakazunguka kwa nyuma wakaingia uani, wakacheza topeni, na viatu vikawa vya kushika mkononi.

Kesho yake fundi alikuja na miti ya kuishikiza dari, na wale madada wakaingia na wapagazi waurudishe mhimili mahali pake. Ukakataa kuingia. Ulikuwa mrefu. Mti ulikuwa ni uleule, haukuongezeka hata kidole; nyumba ndiyo iliyokuwa imeshuka kwa upana wa kiganja. Nunu akasema mti ukatwe. Somoe akasema mti wa baba haukatwi, boriti ndiyo ipandishwe. Nunu akasema itapandishwa na nani, na Somoe akamwambia na aliyeishusha, na Nunu akauliza nani alipandisha ngoma. Fundi akaenda kunywa chai. Akarudi akawakuta bado wanabishana, uso kwa uso, bila mtu katikati, kila mmoja ameshika ncha moja ya ule mti, na hakuna anayeachia.

Na wewe unayecheza juu leo, wageni wanakusifia nyumba: mhimili wako anao nani huko chini, na mara ya mwisho kumwuliza kama bado umesimama ilikuwa lini?