Sinia la Kwanza la Harusi ya Mwanakombo

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ya simu za kugusa, Ijumaa saa kumi na dakika ishirini alasiri, Mwanakombo aliketi mkekani mjini Pangani, mikono imejaa hina mbichi. Kesho yake harusi. Ujumbe ukaingia simuni.

"Nambari ya kufungulia?" akauliza Mize, mchora hina, ili amsomee. Mwanakombo akamnong'oneza kwa wasiwasi. Humo alikuwa amerekodi kwa siri mafunzo ya ndoa ya somo wake, yaani kungwi wake, Bi Kibibi, asije akayasahau. Na maneno ya somo hayatoki chumbani. Yakitoka, somo ameaibika, hapewi mwari tena.

Riziki, wifi mtarajiwa, alikwishanusa habari za rekodi hizo, akatamani kuzisikia. Mize alipotoka kukoroga hina, Riziki akainyakua simu, mbio kwa fundi wa simu, Shaweji.

"Nifungulie, yangu hii."

Fundi akajaribu, ikagoma. Akampigia Faraji, wakala wa kampuni iliyoitengeneza.

"Hata sisi hatuwezi," Faraji akajibu. "Tulipoiunda hatukujiachia ufunguo."

Riziki akaiacha simu kwa fundi, akamrudia Mize. "Nambari unayo. Nipe, nikupe kazi ya hina katika harusi zote za ukoo wetu."

"Wifi wa watu, nimeitwa kupaka hina, sikuitwa kupekua."

Riziki akarudi kuidai simu. Fundi alikwishaiona picha ya Mwanakombo kiooni. "Mwenye sura hii aje mwenyewe," akasema, na kabla ya magharibi akaipeleka kwa bibi harusi.

Mama yake akatamka desturi ya nyumba: sinia la kwanza la pilau ni la aliyemsitiri bibi harusi. Nalo ni moja.

"Nisingeizuia, Riziki angekuwa nayo mpaka sasa," akasema fundi.

"Angekuwa nayo akiitazama tu! Nambari ninayo mimi, nikanyamaza," akasema Mize.

"Wewe ulishinda tamaa leo," akasema Faraji, aliyekuwa amefuatana na fundi. "Walioiunda waliishinda kabla simu haijatoka kiwandani. Wangeweza kujijengea njia ya kuona siri za mamilioni, wakakataa."

"Kampuni nayo inakula pilau?" akauliza Mize.

"Wakala anakula, dada."

Mwanakombo akacheka, akastaajabu: watu wa mbali, wasiojua hata jina lake, wamemsitiri!

Asubuhi aliyafuta mafunzo yale, akabadili nambari huku akimwonea haya Mize, akalifunika sinia kwa kawa, akamtwika mdogo wake.

"Nilipeleke kwa nani, dada?"



Haya, mliosikia, msaidieni Mwanakombo: je, nani alistahili?