Kaskazini Ni Juu

Sogeeni, na aliye karibu na mlango aurudishe, maana hadithi hii ina ukungu na sipendi uingie humu. Mwishoni nitawauliza swali. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, asinisinzilie tukifika makaburini.

Palikuwa na shule huko milima ya Usambara, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu unapoanza. Shule hiyo ilikuwa na mwalimu wa jiografia, Mwalimu Shekiondo, aliyeona aibu mtoto amalize darasa la sita hajui kusoma ramani wala dira. Kila Ijumaa asubuhi aliwachukua watoto watatu, akaingia nao msituni pasipo na njia. "Huku hakuna wa kumuuliza," aliwaambia. "Iulizeni ramani."

Ijumaa moja zamu iliwaangukia Hoza, Elifuraha na Mwajabu.

Hoza alikuwa na macho ya ramani. Ile mistari ya hudhurungi inayowaumiza wengine kichwa, yeye aliiona ikisimama kuwa milima. Ikiachana, alisema hapa mtu anaweza kukimbia. Ikibanana, alisema hapa mtu anakufa.

Elifuraha alikuwa na hesabu ya hatua. Na alikuwa mwoga. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akisema. Akipita penye mbwa alihesabu hatua ili asiusikie moyo wake, na kwa miaka yote hiyo ya kuogopa alikuwa hakosei hata moja. Hatua zake mbili, mita moja.

Mwajabu sasa. Huyu kipaji chake hakikujulikana. Alichokishika darasani ni kile kibwagizo cha Mwalimu mbele ya ubao: kaskazini juu, kusini chini, mashariki kulia, magharibi kushoto. Basi. Akitoka shule alimsaidia babu yake, mchimba makaburi wa kijiji, kumbebea jembe na maji.

Walipanda kilima, wakashuka, wakapanda kingine, mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, mkulo, uliopasuliwa na radi. Hapo ukungu ukawateremkia. Mwalimu akageuka kuwaambia washikane mikono, jiwe likamponyoka mguuni, akaporomokea korongoni. Walisikia mfupa. Dira ilimtoka mkononi ikapotelea kwenye majani huko chini; ramani alikuwa nayo Hoza.

Walipomfikia, mguu ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti, na damu ilikuwa inatoka. Hoza akavua shati, wakamfunga.

"Nendeni wote watatu," Mwalimu akasema, meno yakigongana. "Msiachane. Shule iko kaskazini. Leteni watu kabla baridi haijanimaliza." Kisha macho yakafumba, na walipomwita hakuitika.

Kaskazini ni wapi? Jua halikuonekana. Mti ulio hatua kumi haukuonekana. Waliogopa vibaya.

"Kaskazini juu," Mwajabu akaanza. "Kusini chini."

Wakatazamana, kisha wakatazama mlima ulivyopanda mbele yao. Kaskazini juu. Wakaanza kupanda.

Msiwacheke. Hata Hoza, aliyepata mia kwenye mtihani, alipanda. Hofu ikipanda, akili huteremka; ramani bila dira ilikuwa karatasi tu, na kibwagizo cha ubaoni kilikuwa ndicho kitu pekee walichokuwa nacho cha kushika.

Elifuraha alihesabu tangu kwenye mkulo. Alipofika mia sita na kumi na mbili, mguu wake uligonga jiwe lililosimama. Mbele yake jingine. Na jingine.

"Makaburi," akanong'ona.

Yalikuwa mahame. Watu walihama zamani wakawaacha wafu wao, na msitu ukafunika. Hoza akamshika Elifuraha mkono akitaka kukimbia, upande wowote ule. Mwajabu akasema, "Ngoja."

Alikuwa analia, lakini alikwenda kwenye kaburi la kwanza akapapasa mawe yake, kubwa la kichwani na dogo la miguuni. Kisha akafanya jambo ambalo Elifuraha mpaka leo hataki kulisikia. Alijilaza chini kwenye unyevu, ubavuni mwa kaburi, kama alivyolala mwenye kaburi mle ndani: kichwa kwenye jiwe kubwa, ubavu wa kulia.

"Babu huwalaza hivi," akasema. "Maiti huelekezwa kibla, na kibla yetu sisi ni kaskazini. Uso wangu unatazama wapi?"

Ulikuwa unatazama chini, kule walikotoka. Walikuwa wameipa shule kisogo muda wote, na kila hatua imemwongezea Mwalimu baridi.

Elifuraha alitaka kuteremka mbio. Hoza akatandaza ramani juu ya kaburi, akaigeuza mpaka kaskazini yake ikafuata uso wa Mwajabu. Ndipo akaiona milima. Aliweka kidole pale mistari ilipobanana mpaka ikawa mmoja.

"Tukishuka kaskazini moja kwa moja tunaanguka," akasema. "Hili ni genge, mwamba uliokatika wima. Asubuhi Mwalimu alituzungusha. Twende magharibi mita mia tano, mpaka kijito, ndipo tushuke."

"Magharibi ni miguuni kwa maiti," Mwajabu akasema. "Tufuate miguu, mteremko ukae mkono wa kulia."

Mita mia tano ni hatua elfu moja. Elifuraha akatangulia, akihesabu kwa sauti. Kwenye mia sita arubaini ukungu ulipasuka kidogo upande wa kulia, pakaonekana peupe.

"Njia ile," Hoza akasema. "Tushuke hapa, Mwalimu anakufa."

"Bado mia tatu sitini," Elifuraha akasema. Hakusogea. Hoza alipomvuta, akakaa chini.

Hoza kwa hasira akaokota jiwe akalitupa kwenye ule weupe. Wakasikiliza. Kimya. Kimya kikaendelea mpaka Mwajabu akafumba macho, ndipo sauti ikaja kutoka mbali sana chini. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Siku hiyo mmoja alikimbiza ubawa wa watatu.

Kwenye elfu moja wakasikia maji. Waliteremka na kijito mpaka kwenye chai, na wachumaji wakaacha matenga yao wakatengeneza machela. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Elifuraha aliwarudisha wanaume wale kwa hesabu: elfu moja mpaka makaburini, mia sita na kumi na mbili mpaka kwenye mkulo. Mwalimu alikuwa anapumua, kwa shida. Tabibu wa zahanati alisema saa moja zaidi, wangebeba maiti.

Siku ya pili mtu mmoja akaiokota dira, kioo kimepasuka, sindano nzima. Mwalimu alikuwa ameirithi kwa baba yake, na hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Aliwaita watoto kitandani kwake.

"Hii ni ya aliyenitoa," akasema. "Ni nani?"

"Ramani niliisoma mimi," Hoza akasema. "Bila mimi tungeijua kaskazini na tungefia hukohuko."

"Ungeisoma umeielekeza wapi?" Mwajabu akamuuliza. "Nililala na wafu ndipo ukaijua."

"Na nani alianza kuimba kaskazini juu?" Hoza akamrudishia.

Mwajabu akainamisha kichwa. Mwalimu naye akainamisha chake, maana jina la aliyemfundisha kibwagizo kile alilijua.

Elifuraha alipoulizwa alisema kwa sauti ndogo, "Mimi msituni sirudi tena, Mwalimu. Lakini usingizini bado nahesabu, na kila nikifika mia sita arubaini nasikia lile jiwe. Nikiwa na dira, labda nitafika elfu moja."

Dira iko kifuani pa Mwalimu, mkono umeifunika, na sindano inatikisika kila anapovuta pumzi. Watoto watatu wamesimama wanautazama mkono huo.

Haya, nyinyi ambao hamkusinzia. Mkono ule ukifunguka, dira iende kwa aliyeijua kibla, kwa aliyeliona genge, au kwa aliyekataa kusogea? Wewe, uliyerudisha mlango, anza. Ungeamua vipi?