Ngiri Aliyeujua Wimbo wa Maji

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mna usingizi? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na bwawa moja. Humo walikunywa. Humo walioga. Humo Nyati alijisaidia huku akitazama pembeni, kama si yeye. Watoto wakawa wanaumwa matumbo, wanakonda.

Kanga, mganga wao, akachukua debe. Ndu! Ndu! Ndu! Akapita kila mahali akiimba:

"Maji ya bwawa?"

"Balaa!"

"Tuyanywe?"

"Kataa!"

Aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa Ngiri. Loo, Ngiri! Aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akacheza, akasimamisha mkia. Wimbo ulipoisha, huyooo, mbio bwawani. Akajilaza topeni, akanywa. Gugu-gugu-gugu!

"Bwana Ngiri," Kanga akamwita, "si umetoka kusema kataa?"

"Nimesema, tena kwa nguvu! Wimbo mtamu, dada. Kesho utakuja?"

Kesho yake akaja. Siku ya tatu akaja. Wimbo ukakolea. Bwawa likabaki vilevile.

Siku ya nne, Tindi, binti yake Ngiri, hakuamka kucheza. Macho yameingia ndani. Miguu inatetemeka. Ngiri akaketi kando yake. Akataka kumwimbia, sauti haikutoka.

Kanga akaja bila debe. Alileta uji mwepesi wa maji yaliyochemshwa, wenye chumvi kidogo. Akamnywesha Tindi polepole, tone kwa tone. Kisha akauliza:

"Ngiri, wimbo unaujua. Mbona yale maji unayanywa?"

Ngiri akasema, "Dada, umetuambia tukatae. Nikikataa, ninywe nini?"

Kanga akashtuka. Siku zote zile hakuwahi kuuliza.

"Basi hata mimi nimekosea," akasema. "Kule upande wa juu wa bwawa, chini ya mchanga, kuna maji. Kucha zangu hazifiki. Meno yako je?"

Ngiri akaenda. Akapiga magoti, akachimba. Chaku! Chaku! Chaku! Nyati akaja kumcheka.

"Ngiri, umepoteza nini humo?"

"Njoo ubebe mchanga. Utacheka huku unabeba."

Nyati akabeba. Tembo akaburuta miiba, akazungushia ua, asiingie mtu kuoga. Siku ya tatu ya kuchimba, chururu! Maji maangavu.

Tindi, aliyeanza kupata nguvu, akanywa wa kwanza. Akacheua, akaomba tena. Ngiri akageukia upande, akidai mchanga umemwingia machoni.

Basi wasikilizaji, kuwaambia watu kuwa maji ni mabaya ni jambo jema. Lakini waulize pia kinachowazuia, kisha mshike kazi pamoja. Na wewe unayeitikia kwa sauti kubwa, ukifika nyumbani jitazame unakunywa nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akanywe, ila kwanza aulize yamechotwa wapi.