Bega la Bi Siwatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana walioila pilau ile wengine bado wanalamba midomo, paliishi mjini Tanga, mtaa wa Ngamiani, mpishi wa harusi aliyeitwa Bi Siwatu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mfupi, mcheshi, na mbishi kidogo. Sufuria yake ilimeza kilo arobaini za mchele bila kujaa, na mwiko wake ulimfika kifuani.

Mwaka huo mjukuu wake, Mwantumu, aliposwa. Bi Siwatu alikuwa amemlea binti huyo tangu ana miaka minne. Posa ilipopokelewa, akasema mbele ya watu: "Harusi za wenzangu nimepika hata hesabu imenipotea. Pilau ya Mwantumu nitaigeuza kwa mkono wangu mwenyewe, asiniguse mtu mwiko."

Haukupita mwezi, bega la kulia likagoma.

Lilianza kwa kuuma, kisha likakaza. Mkono haukupanda hata usawa wa sikio. Akawa hawezi kujifunga kilemba, hawezi kuvaa gauni bila msaada, na kujikuna mgongo ikawa shughuli ya watu wawili. Harusi ilibakiza miezi mitatu.

Sasa, Bi Siwatu alikuwa mgonjwa wa hospitali tangu mwaka uliotangulia. Damu ilimganda mguuni, akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, na kila mwezi alikwenda kupimwa kama vinamkaa sawasawa. Aliyempokea siku zote ni muuguzi mmoja makini, Sista Perpetua. Bi Siwatu akamweleza habari ya bega. Akapigwa picha, mfupa ukaonekana mzima.

"Bega limekakamaa, mama," Sista Perpetua akamwambia. "Litalegea, lakini pole pole. Miezi mingi, pengine mwaka na zaidi."

"Mwaka? Na zile sindano za Kichina wanazozisema watu, haziwezi kulihimiza?"

Sista Perpetua akacheka. "Mama yangu, unataka ukachomekwe vijiti kama mshikaki? Achana na mambo hayo."

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nao wakacheka. Bi Siwatu akacheka pamoja nao, lakini moyoni akasema: huyu sitamwambia tena neno.

Alikuwa na shoga yake, Bi Mwanapili, aliyemkatia vitunguu jikoni kwa miaka thelathini. Magoti ya Bi Mwanapili yalitibiwa na Daktari Wen, Mchina aliyefungua kliniki karibu na soko, na sasa alikuwa anachuchumaa na kuinuka kama msichana. Akamshika shoga yake mkono, wakaenda.

Daktari Wen alikuwa mtu wa makamo, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Cheti chake cha shule na kibali chake vilitundikwa ukutani. Kabla hajagusa bega, akafungua daftari.

"Mama, unatumia dawa yoyote ya hospitali?"

"Hakuna."

"Ya presha, ya sukari, ya moyo, ya damu?"

"Hakuna."

"Ugonjwa wowote wa zamani?"

"Hakuna."

Bi Mwanapili, aliyekaa kando na anayejua vidonge vile mpaka rangi yake, akafungua kinywa. Bi Siwatu akamfinya paja. Bi Mwanapili akafunga kinywa, akatazama dari.

Kwa nini alificha? Aliogopa. Alijua akitaja vidonge ataambiwa akalete karatasi kutoka hospitali, na hospitali yuko Sista Perpetua na mshikaki wake.

Daktari Wen akachana pakiti mpya mbele ya macho yake. "Sindano hizi ni zako peke yako. Zikitoka kwako zinatupwa. Usikubali kuchomwa na sindano ambayo hukuiona ikifunguliwa, iwe kwangu au kwa mtu mwingine." Bi Siwatu akajikaza kwa uchungu wa kuzaa, akapata uchungu wa mbu. Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Akalazwa dakika ishirini, na ya kumi ilipofika alikuwa anakoroma.

Akaenda mara ya pili, akaenda mara ya tatu. Mara ya tatu Daktari Wen aliona pale alipochoma wiki iliyopita pamevilia damu, alama kubwa kuliko alivyozoea kuona.

"Mama, una hakika hakuna dawa unayokunywa?"

"Hakuna."

Daktari Wen akaitazama ile alama, akaandika kitu daftarini, akapunguza idadi ya sindano, akaendelea. Akamfundisha pia zoezi la kila asubuhi: asimame mbele ya ukuta, vidole viupande ukuta kama buibui, kila siku vifike juu kidogo zaidi.

Wiki ya nne mkono ukafika sikioni. Wiki ya tano akajifunga kilemba mwenyewe, akatoka nje kukionyesha kwa majirani. Lakini kugeuza mwiko wa pilau ni kazi nyingine, na siku zilikuwa zinakwenda. Akamwomba Daktari Wen dawa ya kunywa, ile mizizi anayowachemshia wengine.

Daktari Wen akatikisa kichwa. "Sindano inakaa pale nilipoiweka. Dawa ya kunywa inazunguka mwili mzima na kukutana na kila kilichomo. Watu wanadhani mizizi haina madhara kwa kuwa inatoka ardhini. Hata sumu inatoka ardhini. Niletee kwanza daftari lako la hospitali, ndipo tuongee."

"Nitalileta," akasema Bi Siwatu. Hakulileta.

Bi Mwanapili alikuwa na mizizi yake nyumbani, aliyopewa na Daktari Wen kwa ajili ya magoti. Akamwonea shoga yake huruma. Akaichemsha, akaitia kwenye chupa ya chai, akampelekea. "Kunywa, shoga. Iliyonifaa mimi itakufaa na wewe."

Akanywa asubuhi, akanywa jioni, siku nane. Siku ya tano fizi zilitoa damu alipopiga mswaki. Akasema ni mswaki mgumu. Siku ya nane, alipokuwa anachambua karafuu za harusi, pua ikaanza kutoka damu. Akainamisha kichwa, akabana pua, akaweka maji baridi. Damu haikukata. Mwantumu alipoona kanga ya bibi yake imelowa, akaita gari.

Hospitalini Sista Perpetua akampokea, akapima mapigo ya moyo, uso umembadilika.

"Mama, umekunywa dawa gani nyingine?"

"Hakuna."

"Vidonge umezidisha?"

"Hakuna."

Bi Mwanapili alisimama mlangoni. Bi Siwatu akamkazia jicho. Jicho hilo lilikuwa limemnyamazisha kwa miaka thelathini, lakini siku hiyo halikufua dafu.

"Sista," akasema, "anakunywa mizizi ya Kichina. Nilimpa mimi. Na bega anachomwa sindano wiki ya sita sasa. Na mwenye sindano hajui habari za vidonge, kwa sababu sisi wawili tumemficha." Akafungua pindo la kanga, akatoa pakiti ya mizizi na kuiweka mezani.

"Mwanapili," akasema Bi Siwatu, kanga ikiwa puani, "leo ndiyo mwisho wa ushoga wetu."

"Na uwe mwisho. Lakini wewe uwe mzima."

Sista Perpetua hakungoja. Akamwita daktari, damu ikapimwa, ikaonekana imekuwa nyepesi kupita kiasi: vidonge na mizizi vimesaidiana kuilegeza. Vidonge vikasimamishwa kwa muda, akachomwa dawa ya kuirudisha damu katika hali yake. Kisha Sista akasoma namba ya simu iliyoandikwa kwenye pakiti, akampigia Daktari Wen. Naye akaja mwenyewe kwa pikipiki, amebeba orodha ya kila mzizi uliokuwa mle ndani, ameiandika kwa Kiswahili ili daktari wa hospitali aisome.

Siku ya pili damu ilikata. Siku ya tatu mgonjwa aliomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari, watu wakajua amepona.

Daktari Wen na Sista Perpetua wakasimama kila mmoja upande wake wa kitanda.

"Nilikuuliza mara nne, mama," akasema Daktari Wen.

"Nami nilikucheka," akasema Sista Perpetua. "Nisingekucheka, ungeniambia?"

Bi Siwatu akatazama shuka. "Ningekuambia siku ile ile."

Basi wakaelewana. Daktari wa hospitali akaruhusu sindano ziendelee, chache na za juu juu, huku damu ikipimwa kila wiki. Mizizi, hapana. Daftari la hospitali likaenda kwa Daktari Wen, na daftari la Daktari Wen likaonekana hospitalini. Na Bi Mwanapili? Alikuja na ndoo ya vitunguu, akakaa, akaanza kumenya. Hakuna aliyeutaja mwisho wa ushoga.

Siku ya harusi Bi Siwatu aligeuza pilau kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja mkono wa kulia, mara moja wa kushoto, jasho linamtiririka, wanawake wanapiga vigelegele kila mwiko unapozama. Mwantumu aliyetakiwa kukaa ndani akachungulia dirishani, akalia mpaka wanja ukamharibika, ikabidi apakwe upya.

Kwa Bi Siwatu ilikuwa desturi kwamba mfuniko haufunuliwi ovyo. Mpishi humwita mtu mmoja wa heshima, naye hufunua, watu husoma bismillahi, na sinia ya kwanza ni yake. Safari hii, mbele ya Daktari Wen, Sista Perpetua na Bi Mwanapili, akasema: "Atafunua yule aliyenirudisha jikoni." Neno halijafika chini, maneno yakaanza.

Wageni waliowahi kutibiwa na Daktari Wen wakasema: "Bega limefunguliwa na nani? Na nani aliyeuliza dawa zake, na nani aliyemnyima mizizi? Angemsikiliza, asingetokwa na damu hata tone."

"Aliiona alama ya damu akaendelea kuchoma," akajibu Sista Perpetua. "Na mabega ya namna ile hulegea yenyewe, sindano au bila sindano. Lakini damu ile isingekata yenyewe. Mpishi aliyekufa hageuzi mwiko."

"Wewe ndiye uliyemcheka mbele za watu," akasema Bi Mwanapili. "Kicheko chako kilimfunga mdomo, nami ndiye niliyeufungua. Bila ulimi wangu mngekuwa bado mnapima mapigo."

"Na bila chupa yako ya chai," akasema Daktari Wen taratibu, "pangekuwa na nini cha kupima?"

Watu wakaangua kicheko, na Bi Mwanapili mwenyewe akacheka, maana neno lilikuwa la kweli.

"Washike mfuniko wote watatu," akasema Mwantumu kutoka dirishani.

"Mfuniko una kishikio kimoja," akasema bibi yake, "nami nimesema mtu mmoja."

Akawatazama. Mmoja alimwuliza mara nne, akaridhika na uongo. Mmoja alimwokoa, baada ya kumtia haya ya kusema. Mmoja alimpa kilichomdhuru, kisha akauvunja urafiki wa miaka thelathini ili apone. Na yeye mwenyewe, mwenye mdomo, ndiye aliyesema hakuna, hakuna, hakuna. Aliwapenda wote, na pilau ilikuwa inapoa.

Akaufuta mkono wake kwenye kanga, akainua kidole, akaita jina.

Jina hilo mimi nalijua, maana nilikuwepo na nilikula. Lakini Ngamiani mpaka leo wapo wanaosema alikosea. Basi nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni kabla sijasema: katika hao watatu, nani alistahili kuufunua mfuniko ule?