Bashraf Iliyoitwa Subira

Isome hadithi hii bila haraka, na ukiimaliza mpelekee yule rafiki yako anayejua kila kitu kuhusu muziki. Akikasirika, ujue imemfikia.

Zamani za masultani, katika mji mmoja wa pwani, watu walikuwa na ugomvi usiokwisha: ni nani mtunzi bora wa muziki. Watu wa mtaa wa juu walimpenda Sharifu Badi kwa bashraf zake ndefu, yaani zile tungo zinazopigwa kwa vyombo vitupu kabla mwimbaji hajasimama. Watu wa mtaa wa chini walisema Sharifu Badi anachosha, hakuna kama Faki Kombo, ambaye tungo zake ziliwatikisa mabega hata watu wazima waliokaa mbele ya wakwe zao. Walibishana barazani mpaka kahawa ikapoa, na kesho yake wakaanza upya.

Lakini ukiwauliza ni utungo gani unaopendwa na wote, ubishi ulikwisha. Walikujibu kwa pamoja: "Subira" ya Mzee Haidari.

"Subira" ilikuwa na jambo lake. Katikati, udi ulipokuwa ukipanda juu kwa furaha, ghafla ulinyamaza. Fidla nazo zikanyamaza, ngoma ikanyamaza. Baada ya kitambo muziki ulianza tena, ukishuka taratibu. Katika ukimya ule watu waliinamisha vichwa, na muuza kahawa alivishika vikombe vyake visigongane. Wengi waliamini kwamba hapo ndipo Mzee Haidari alipoficha siri ya maisha.

Aliyeulinda ukimya ule kuliko wote alikuwa Maalim Shaali, mkuu wa kikundi cha wapigaji na mwanafunzi wa kwanza wa Mzee Haidari. Shaali alifiwa na mkewe wakiwa bado vijana, na siku za msiba hakuweza kulia mbele za watu. Machozi yake ya kwanza yalimtoka ndani ya ukimya ule, huku fidla ikiwa begani. Tangu hapo aliupenda kama mtu anavyolipenda kaburi la mtu wake. Kila mwanafunzi aliyemjia, alimfundisha kunyamaza kabla ya kumfundisha kupiga.

Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Bahia, binti wa mshona kofia. Hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono kwenye udi. Mzee Haidari alikuwa ameacha kupiga hadharani kwa sababu ya uzee, kiti chake cha udi kilikuwa wazi, na Shaali alikwisha kuamua moyoni kumpa Bahia. Angemtangaza siku ya harusi ya mtoto wa Sultani.

Siku ya mazoezi ya mwisho, mbele ya wazee wa kikundi, walipiga "Subira". Udi ulipanda, ukafika mahali pake pa kunyamaza, na vichwa vikainama kama ada. Bahia hakunyamaza. Vidole vyake viliteleza juu zaidi, vikamwaga sauti ndogondogo za harakaharaka, kisha akashuka peke yake, kwa kuwa wenzake walikuwa wamepigwa na bumbuwazi.

Shaali aliiweka fidla yake chini.

"Umefanya nini, Bahia?"

"Niwie radhi, Maalim. Mkono umekwenda wenyewe."

"Mkono una mwenyewe."

"Ni kweli, Maalim. Lakini kila nikifika pale naona kama mtu kauliza jambo, kisha kaondoka kabla hajajibiwa."

Wazee waliguna. Mmoja alisema huo ni utovu wa adabu, mwingine akasema leo anaujaza ukimya, kesho atatufundisha na kuswali. Shaali alijiona kama mtu aliyeingiliwa chumbani mwake, na hasira yake ilikuwa na maumivu ndani yake.

"Twende kwa mtunzi mwenyewe," alisema. "Ukiapa mbele yake kwamba hutarudia, yamekwisha. Usipoapa, kikundi hiki si chako tena, na kile kiti tutakitafutia mwingine."

Bahia aliinama. Hakuwa na kitu kingine alichokipenda duniani kama udi, na kila mtu pale alilijua hilo. "Kuapa nitaapa, Maalim," alisema. "Sijui tu kama mkono utanitii."

Walimkuta Mzee Haidari nyumbani kwake, anakunywa uji. Shaali alimbusu mkono.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mmekuja wengi, kuna maiti?"

"Huyu binti ameuvunja ukimya wa 'Subira', Mzee. Amepiga sauti ndani yake."

Mzee alikitua kikombe. "Sauti gani?"

"Hazifai kurudiwa, Mzee."

"Mpeni udi," alisema Mzee Haidari.

Bahia alianza kupiga. Alipokaribia pale alimtazama Shaali, akafumba macho, akapita bila kunyamaza. Mzee Haidari alianza kutikisika mabega. Shaali alidhani analia, akamsogelea amshike, ndipo alipoona kwamba mzee anacheka. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Si zilezile," alimwambia Bahia. "Zangu zilijipinda kidogo mwishoni. Lakini umeingia nyumba ileile kwa mlango wa uani."

"Zako zipi, Mzee?" Shaali aliuliza.

"Utungo ule niliutunga binti yangu alipoanza kucheka. Niliuita 'Kicheko'. Pale juu ndipo mtoto anapocheka. Siku ya kwenda kuupiga kwa babu yake Sultani huyu, mlango wa jumba ulinibana kidole hiki." Alinyoosha mkono wa kushoto, wenye kidole cha pete kilichokauka kikiwa kimejikunja. "Nikapiga hivyo hivyo. Nilipofika pale kidole kikakataa, nikanyamaza kwa uchungu. Kuinua macho, Sultani analia. Akasema, 'Hii ndiyo subira.' Nani angemsahihisha Sultani?"

"Lakini sisi, Mzee? Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. Wewe mwenyewe ulikuwapo. Nilisema, 'Mimi pale nanyamaza kwa kuwa siwezi, anayeweza apige.' Mkatazamana, mkasema mzee huyu ana unyenyekevu."

Shaali alikumbuka. Maneno yale alikuwa akiwasimulia wanafunzi wake kila mwaka, kama mfano wa unyenyekevu wa watu wakubwa.

"Mzee," alisema, "mimi nimemlilia mke wangu ndani ya ukimya ule."

"Najua, mwanangu. Nilikuona. Kilio chako kilikuwa cha kweli, na mahali pale palikupokea, sikuthubutu kukuondoa. Lakini na mimi nina wangu. Binti yangu alinitangulia kabla hajaolewa. Kicheko chake kilikuwa kimebaki mle tu, nami nikakaa nikingoja mmoja wenu anisikilizishe. Kila harusi mkaja kunipigia matanga yake."

Shaali alitazama chini, na alipotazama chini aliuona mkono wake mwenyewe. Kidole chake cha pete, kizima, kisicho na kovu, kilikuwa kimejikunja vilevile kama cha mwalimu wake. Aliiga ujanani akidhani ndio ufundi, na wanafunzi wake wote wakamwiga yeye. Bahia peke yake ndiye aliyeshindwa kukikunja, na kwa hilo Shaali alimgombeza mara nyingi.

Mzee Haidari naye alikuwa anakitazama kidole hicho.

"Mimi ulinibana mlango, Shaali," alisema kwa upole. "Wewe ulibanwa na nini?"

Maalim Shaali aliona haya mbele ya wanafunzi wake, na hakuificha. Alikinyoosha kidole chake taratibu, akaketi chini karibu na Bahia, akaitisha fidla yake. "Anza pale juu, mwanangu," alisema. "Unionyeshe zinavyokwenda." Siku ya harusi, Bahia ndiye aliyekaa kwenye kiti cha udi.

Funzo: Heshima kwa mwalimu ni kumsikiliza na kumwuliza angali hai; anayeiga kila kitu bila kuuliza hurithi hata kidonda, akakifundisha kwa watoto wake kama hekima.